Mchezaji anajua, mhusika hajui: mitazamo mitatu ya metagemu na meza inayoifaa kila mmoja

Zimwi linaloitwa troll limekatwa mkono, na mkono umeota tena mbele ya kundi zima. Wachezaji wote wanne wanajua dawa yake, kwa kuwa katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na kurusha dadu, zimwi hilo hujirudishia uhai kila zamu mpaka lichomwe kwa moto au tindikali. Wahusika wao, mkulima wa migomba, mhunzi na vijana wawili waliotoroka kwa tajiri wao, hawajawahi kukutana nalo. Je, mkulima achomoe kijinga cha moto sasa hivi, au aendelee kupiga shoka mpaka bahati imfumbulie macho?

Hiyo ndiyo metagemu: mchezaji kumfanya mhusika wake atende kwa jambo analolijua yeye, ambalo mhusika hana njia ya kulijua. Watu watano wakikaa mezani na majibu matatu ambayo hayajasemwa, kikao kinaharibika. Mmoja anaona amecheza kwa akili, mwenzake anaona ameharibiwa hadithi, wa tatu haelewi hata kwa nini watu wamenuna. Nimeona kundi zuri likisambaa kwa sababu hiyo, na halikuwa na mtu mbaya hata mmoja. Ulinganisho huu nauandika kwa wanaoanzisha meza huku kwetu Arusha, kwenye vyumba vya wanafunzi Njiro, sebule za Sakina na Kijenge, au Rau na Soweto kule Moshi, ambao hawajui washike msimamo upi.

Mitazamo yenyewe nitaiita Ukuta, Akili ya Mchezaji na Siri Wazi. Yote mitatu ina watu wanaoipenda kwa sababu za haki.

Tupime kwa vigezo gani

Kigezo kizito kuliko vyote ni kile mlichokuja kukitafuta. Kuna wanaokaa mezani kutegua mitego na mafumbo. Kuna wanaotaka taharuki, ile ya kutojua kilichopo nyuma ya mlango. Na kuna wanaotaka hadithi nzuri, hata ikibidi mhusika wao aumie.

Halafu tazameni pengo la uzoefu. Meza nyingi ninazozifahamu zina mtu mmoja aliyecheza kwa miaka na wenzake watatu ambao dadu ya pande 20 wameishika wiki hiyohiyo. Pengo hilo linaweza kuzibwa au kupanuliwa na simu: tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano la D&D, pamoja na takwimu za mazimwi mengi, zimewekwa bure chini ya leseni ya Creative Commons. Mwenye bando anaweza kusoma habari za troll huku troll akiwa mbele yake.

Kigezo cha tatu ni mzigo wa mwongozaji, yule anayesimulia dunia ya mchezo na kuyaendesha mazimwi, kwani siri hulindwa na mtu. Cha nne ni heshima, na hiki naona tunakipuuza: nani mezani anaweza kumwambia nani, "Hilo mhusika wako halijui"? Kijana wa mwaka wa kwanza chuoni hawezi kumwambia hivyo kirahisi kaka aliyemlipia nauli ya kuja. Mwisho ni muda na nafasi, maana kikao cha Jumamosi lazima kiishe kabla ya daladala za mwisho, na mara nyingi nyumba ina sebule moja tu.

Jambo linaloigusa mitazamo yote

Mtu hasahau kwa kuagizwa. Tuseme unajua kwamba moto huliangamiza zimwi, na umeamua kucheza kama hujui. Mhusika wako ana mwenge mkononi kwa sababu pango ni giza. Mtu asiyejua lolote angeweza kabisa kulichapa zimwi kwa mwenge huohuo, kwa kuwa ndicho kitu kilichopo mkononi. Wewe unayejua unaogopa kuonekana mdanganyifu, unauweka mwenge chini na kuokota rungu. Hapo umetenda kwa maarifa ya nje kama yule aliyekimbilia moto, tofauti ni kwamba wewe umeyatumia kujiumiza. Na ukisubiri ili "agundue" polepole, ni wewe mchezaji unayeamua zamu ipi itatosha, ya tatu au ya tano, na huwezi kuamua hivyo bila kujua jibu.

Kwa hiyo maarifa yataingia mchezoni kwa njia moja au nyingine. Mitazamo hii inatofautiana katika kazi inayoyapa.

Kuna metagemu pia ambayo kila meza huikubali bila kuijadili. Mgeni anatokea njiani na panga mgongoni, na kundi lililojaa wasiwasi linamkaribisha mara moja, kwa sababu sote tunajua huyo ni mhusika wa mwenzetu mpya aliyekaa pale pembeni. Vilevile, tukijua kwamba mwenzetu amefiwa na mama mwezi uliopita, tunaiacha sehemu ya mazishi iliyokuwa imepangwa. Hakuna mhusika aliyejua habari za msiba ule. Ni sisi tuliojua, na tumefanya sawa.

Ukuta

Hapa kanuni ni kwamba mhusika hutenda kwa alichokiona, alichoambiwa na alichojifunza ndani ya hadithi, basi. Mchezaji anakaa upande mmoja wa ukuta na mhusika upande wa pili.

Mtazamo huu hung'ara kwenye michezo ya hofu. Call of Cthulhu, uliotoka 1981, umejengwa juu ya watu wa kawaida wanaokutana na mambo yasiyofaa kujulikana, na kanuni zake zinasema kadiri mhusika anavyozidi kuelewa siri hizo ndivyo kiwango cha juu cha utimamu wake kinavyoshuka. Kutojua ndiyo akiba yake. Mchezaji akiileta mezani elimu yake yote, hofu inakufa. Paranoia wa 1984 ulikwenda mbali zaidi: ndani ya dunia yake, kuonyesha kwamba unazijua kanuni za mchezo kuliko ngazi yako inavyoruhusu ni uhaini.

Katika kisa chetu cha zimwi, meza ya Ukuta inauliza kama kuna njia ndani ya hadithi. Mara nyingi ipo, na hapa waongozaji wengi huwa wakali bila sababu. Mtoto aliyelelewa Uchagani amesikia habari za irimu, zimwi la ngano za Kichaga, kabla hajaanza shule. Katika dunia yenye mazimwi ya kweli, mkulima ana bibi, na bibi anajua ngano. Mwongozaji anaweza kumruhusu arushe dadu kuona kama anakumbuka chochote, na akishindwa, shoka linaendelea.

Nichukue na kisa cha pili, kilicho karibu na maisha yetu. Mmoja wa wachezaji anapandisha wageni Kilimanjaro, ndiyo kazi yake. Mchezoni anaigiza mpagazi wa pwani aliyekuja na msafara kutoka Pangani miaka ya 1880, na hajawahi kuona barafu. Kundi linapanda mlima. Mhusika wa mwenzake anaanza kuyumba na kusema maneno yasiyoeleweka. Mchezaji anajua hiyo ni dalili mbaya ya ugonjwa wa mwinuko na kwamba tiba ya kwanza ni kumshusha mgonjwa mara moja. Chini ya Ukuta ananyamaza na kutazama, mpaka mwenyeji wa Uchagani ndani ya hadithi aseme kitu. Kwa anayependa taharuki, dakika zile ni tamu mno. Kwa mwingine ni mateso, maana anaombwa aigize ujinga katika jambo moja analolijua kuliko wote waliopo.

Kuhusu pengo la uzoefu, Ukuta unamlinda mgeni. Mzoefu hammalizii mafumbo yote. Lakini una upande wa pili: mgeni akikisia moto kwa akili yake mwenyewe, anaweza kutuhumiwa kwamba amechungulia simu, na tuhuma ya namna hiyo kikao cha kwanza humfanya mtu asirudi.

Mzigo wa mwongozaji ni mkubwa. Kundi likigawanyika, siri zinahitaji ujumbe wa WhatsApp kwa mtu mmoja mmoja au kuwatoa wengine barazani, jambo ambalo Arusha ya Julai, usiku, si la kumfanyia rafiki. Mchezaji akipekua chumba na dadu ikaangukia 2, wote wanajua hakuona vizuri, na ghafla kila mmoja anataka kupekua. Dawa ni mwongozaji kuirusha yeye nyuma ya kizuizi. Kwenye heshima, nashauri kwa nguvu kwamba ni mwongozaji peke yake anayeuliza, tena kwa swali: "Mhusika wako amelijuaje hilo?" Jibu likiwa zuri, alipokee. Wachezaji wakianza kukaguana wenyewe kwa wenyewe, mdogo hatamgusa mkubwa, na mkubwa atamkagua mdogo kila zamu.

Unawafaa wapenzi wa hofu, upelelezi na usaliti, na wale wanaoona raha ya mchezo ni kuvaa ngozi ya mtu mwingine kabisa.

Akili ya Mchezaji

Huu ndio mtazamo wenye mizizi mirefu. Dungeons & Dragons, iliyochapishwa 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson kule Marekani, ilizaliwa kutoka michezo ya vita ya mezani, ambako anayepimwa ni mtu aliyeshika vipande. Mwaka uliofuata Gygax alipeleka Tomb of Horrors kwenye mashindano ya Origins, kaburi lililojaa mitego ya kuua. Makundi yaliingia kupimwa akili, na hakuna aliyeulizwa kama shujaa wake kweli angewaza kugonga sakafu kwa mti mrefu kabla ya kukanyaga. Ni kama drafti la kibarazani: kete zote mnaziona, atakayewaza vizuri ndiye atakayekula.

Kwa zimwi, jibu ni fupi. Lichomeni. Mwongozaji anayetaka fumbo libaki fumbo halazimiki kumwomba mtu asahau, anabadilisha zimwi. Zimwi la meza yenu haliogopi moto, linaogopa magadi ya Ziwa Natron, na kuna kijiji kilichopakwa magadi kwenye kila kizingiti ambacho kundi lilipita juzi bila kuuliza kwa nini. Sasa mzoefu na mgeni wako sawa, na aliyesoma takwimu zote kwenye simu hana cha ziada. Mimi naipenda njia hii kuliko zote za kulinda siri, na hata meza za Ukuta zingeweza kuiazima. Sharti lake ni kuacha dalili za haki. Ukibadilisha zimwi bila kuacha alama yoyote, umewanyang'anya wachezaji maarifa yao na hujawapa kitu badala yake.

Mlimani, yule anayepandisha wageni anasema palepale, "Mshusheni sasa, msisubiri asubuhi." Anaeleza kwa nini, anaeleza jinsi ya kumtambua anayefuata kuugua, na meza nzima inamsikiliza. Kwa moyo wangu, hili ndilo jambo jema kuliko mengine katika mtazamo huu: kazi ya mtu, iwe ya mlimani, ya ufundi gereji au ya wodini, inakuwa na thamani mezani. Hakuna anayeambiwa ajifanye hajui.

Kasi ni kubwa na mzigo wa kulinda siri ni mdogo, kwa hiyo kikao kifupi kinafika mbali. Tuhuma karibu hazipo. Udhaifu upo kwenye pengo la uzoefu, na si mdogo. Mzoefu anaweza kugeuka kuwa rimoti ya meza nzima, akimwambia kila mtu apige wapi na asimame wapi, na wadogo kwa adabu yao watatii. Meza zenye busara huweka utaratibu kwamba mwenye zamu huamua, na mwenye maarifa hutoa ushauri akiombwa.

Mtazamo huu una mpaka pia. Kusoma mkasa wenyewe, yaani hadithi iliyoandaliwa kwa ajili ya mwongozaji, kabla ya kuucheza, kujua mtego uko chumba gani na hazina iko wapi, ni kudanganya hapa kama ilivyo kwenye Ukuta, kwa sababu kilichokuwa kipimwe kimeshaibwa.

Unawafaa wapenda mafumbo, makundi yenye ushindani wa kirafiki, na watu ambao kuigiza sauti na hisia huwatia haya lakini kufikiri kunawasisimua.

Siri Wazi

Hapa wachezaji wanajua mengi kuliko wahusika, hawafichi, na hutumia maarifa hayo kuwatafutia wahusika wao matatizo yanayonogesha hadithi. Fiasco, wa 2009, hauna mwongozaji kabisa: wote mezani wanajenga pamoja mipango ya watu ambayo kila mmoja anaona itabomoka. Ten Candles wa 2015 unawaambia wachezaji tangu mwanzo kwamba hakuna mhusika atakayebaki hai. Kinachobaki ni namna watakavyoishi saa zile. Mchezo wa Fate nao humpa mchezaji pointi anapokubali udhaifu wa mhusika wake umtie mashakani.

Zimwi hapa linakuwa mali ya hadithi. Mhunzi anakata mkono, unaota, anakata tena, na mchezaji wake anacheka. Halafu mwenzake anapendekeza: "Tugundue moto kwa hasara. Nyumba ya kaka yangu iwake, zimwi likiwa ndani." Wote wanakubali. Dawa imepatikana, na kundi limebeba deni la moyoni litakalowafuata vikao vingi. Ukuta usingewafikisha hapo kwa makusudi, na Akili ya Mchezaji ingelimaliza zimwi kabla nyumba haijahusika.

Lakini mahali mtazamo huu unapoonyesha nguvu yake yote ni kwenye historia. Chukueni kampeni, yaani hadithi moja inayochezwa kwa vikao vingi, ya Old Moshi miaka ya 1890. Meza nzima inajua kwamba mwaka 1892 watu wa Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, waliwashinda Wajerumani, na kwamba tarehe 2 Machi 1900 Mangi alinyongwa. Wanajua pia kwamba ukoo wake umeendelea kukidai kichwa chake kutoka Ujerumani. Huwezi kumwambia mtoto wa Moshi ajifanye hajui haya. Ukuta utamlazimisha kila zamu kukagua mdomo wake. Akili ya Mchezaji itamwelekeza kupindua historia, kumwonya Mangi na kupanga vita upya, na hiyo inaweza kuwa kampeni ya kusisimua kama wote mmeitaka. Katika Siri Wazi, mchezaji anamwigiza kijana mpeleka habari anayeshangilia ushindi wa 1892, anaomba posa, anapanda migomba ya miaka mingi ijayo, huku watu wote mezani wakijua kinachokuja. Kila furaha inapata uzito. Nimeona watu wazima wakinyamaza mezani kwa kisa cha namna hiyo, na hakuna zimwi lililowahi kufanya hivyo.

Kwenye kisa cha mlima, yule mtaalamu wetu anaweza kumfanya mpagazi wake ndiye anayeng'ang'ania kwenda juu zaidi, kwa kuwa anajua ni kosa, na anajua kosa hilo hufanana vipi.

Mwongozaji hapa halindi siri nyingi, ila lazima awe na jicho kwa watu. Kanuni isiyovunjwa ni kuomba ruhusa kabla ya kumtwisha tatizo mhusika wa mwenzako. Kuhusu heshima, nimeona mdogo akimpendekezea mkubwa mambo kwa uhuru zaidi, kwa kuwa anazungumzia hatima ya mhusika na hamkosoi mtu. Muda unaliwa na mazungumzo, hilo mlijue. Na mgeni wa kabisa anaweza kuchanganyikiwa, maana amekuja kucheza mchezo na anaulizwa angependa aharibikiwe vipi.

Unawafaa waandishi, waigizaji, wapenzi wa tanzia, na makundi ambayo watu wake wanaaminiana tayari. Anayetaka kushinda atateseka.

Kulingana na hali yenu

Kama wengi wenu ni wageni na mna mzoefu mmoja, anzeni na Akili ya Mchezaji, mzoefu awe ndiye mwongozaji, na abadilishe mazimwi mawili matatu. Kama mzoefu anataka kucheza na si kuongoza, Ukuta mwepesi utamtuliza, mradi swali la "amelijuaje" liulizwe na mwongozaji tu.

Mkicheza na watoto wa nyumbani wakati wa likizo, waacheni watumie kila wanachojua. Mtoto akikumbuka ngano ya bibi na kuitumia dhidi ya irimu, mpeni ushindi wake.

Kikao kimoja cha hofu, usiku, umeme umekatika na mshumaa umewashwa: Ukuta, tena mkali, kwa kuwa ni saa chache na hakuna atakayechoka kujibana. Kampeni ndefu ya watu wa Moshi na Arusha wanaokutana mara chache ni kitu kingine. Kutunza siri kwa miezi katikati ya watu wanaopiga soga kila siku kwenye simu ni kazi ngumu, na hapo Siri Wazi huokoa urafiki na mchezo pamoja.

Mkiwa mmegawanyika, msipige kura ya jumla. Kila mtu ataje jambo moja ambalo likivuja litamharibia raha: mazimwi, usaliti, au mwisho wa hadithi. Hilo moja lijengewe ukuta, mengine yaachwe wazi. Meza nyingi hukuta kwamba watu waliodhani hawapatani walikuwa wanalinda vitu tofauti.

Na kama umeshausoma au kuucheza mkasa ambao kundi linataka kuuanza, mwambie mwongozaji faraghani kabla dadu haijarushwa. Anaweza kubadilisha vyumba, anaweza kukupa mhusika ambaye anayajua mambo hayo kwa haki, au anaweza kukuomba uongoze wewe.